Mwite Pembeni

Makundi ya WhatsApp ya mitaa yetu hayavunjwi na matusi. Matusi ni machache, na yakitokea kila mtu anajua kuwa ni makosa. Kinachoyavunja ni karipio la hadharani. Mtu mzima anaulizwa mbele ya majirani mia mbili kwa nini hajatoa shilingi 5,000 za kifusi cha barabara. Anajibu kwa ukali. Wa tatu anaingilia kumtetea, wa nne anakumbushia ya mwaka juzi, admini anafunga kundi, na wiki inayofuata nusu ya wanakundi wamezima mlio, hawasomi hata tangazo la kukatika kwa maji. Kazi yangu ni isimujamii na makazi yangu ni Temeke, kwa hiyo nayasoma makundi haya kwa jicho la mwalimu wa lugha na kwa shida ya mkazi anayetaka kujua gari la taka linapita lini. Msimamo wangu ni kwamba adabu hatujaipoteza. Adabu yetu siku zote imetegemea kuwepo kwa pembeni, mahali pa kumvuta mtu kando na kumwambia ukweli bila kumvua nguo. Kundi la simu halina pembeni mpaka tulitengenezee wenyewe.

Kwa mji kama huu jambo hili ni zito. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam; Wilaya ya Temeke peke yake ilikuwa na watu 1,346,674 na Kinondoni 982,328. Ukienda Chamazi, Mbande, Bunju au Mabwepande utakuta mitaa ambayo wakazi wake wengi walihamia wakiwa tayari watu wazima. Walinunua kiwanja, wakajenga kidogo kidogo huku wakiishi humo humo, na sasa wanatoka alfajiri kuwahi usafiri na kurudi watoto wamelala. Majirani wa ukuta kwa ukuta wanaweza kumaliza miezi bila kuonana uso kwa uso. Kinachowakutanisha ni kundi. Humo hupangwa zamu za ulinzi shirikishi, humo hutangazwa misiba, humo huulizwa kama umeme umekatika kwa wote au ni Luku ya mtu imeisha. Anayejitoa kwa hasira hakosi porojo tu, anakosa habari za lazima za maisha yake.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu ufidhuli wa mtandaoni ni kwamba watu wanajificha nyuma ya simu. John Suler, mwanasaikolojia wa Marekani, alipoandika mwaka 2004 kuhusu kwa nini watu hulegeza breki wanapokuwa mtandaoni, sababu ya kwanza aliyoitaja ilikuwa kutojulikana. Maelezo hayo yanafaa kwa mahali ambapo mtu anaingia kwa jina la bandia. Kwa kundi la mtaa hayafai. Namba ya simu iko wazi, laini imesajiliwa kwa alama za vidole tangu usajili ule ulioanza Mei 2019, na mwenyewe anakaa nyumba ya tatu baada ya duka la mangi. Mnajuana. Watoto wenu wanapanda gari moja la shule. Na bado mnagombana. Sababu nyingine alizozitaja Suler ndizo zinazotuhusu: kutoonana wakati wa kusema, na kutojibizana papo kwa papo. Mtu huandika saa 5 asubuhi akiwa kazini Kariakoo, mwenzake husoma saa 3 usiku akiwa amechoka na foleni ya Kilwa Road, na maneno yanamfikia yakiwa makavu, yamekosa uso wa aliyeyasema.

Tazama kwanza nani yumo. Kundi moja la mtaa linaweka pamoja mwenye nyumba na mpangaji wake, mwalimu na mzazi, mkopeshaji na mkopaji, mjumbe na kijana ambaye mjumbe huyo aliwahi kumpeleka polisi, wakati mwingine mama mkwe na mkwewe. Njiani kila mmoja wa hawa tuna namna ya kusema naye. Lugha yetu imetupa shikamoo, habari za tangu juzi, samahani mzee wangu, hodi hodi, na kila kimoja kinamwendea mtu mmoja anayeonekana, ambaye umri wake unausoma kwa macho. Kwenye kundi sentensi moja inawafikia wote kwa wakati mmoja, kwa kipimo kimoja. Halafu nusu ya namba hazijahifadhiwa, na picha inayoonekana ni waridi, nembo ya Simba au Yanga, au mjukuu siku ya mahafali. Kijana anajibu "acha hizo kaka" akidhani anaongea na rika lake, kumbe upande wa pili ni mzee aliyestaafu bandarini mwaka ambao kijana huyo alizaliwa. Mzee anasoma dharau pale ambapo hapakuwa na dharau, palikuwa na kutojua tu.

Sauti nayo imepotea. Mwaka 2005 Justin Kruger na Nicholas Epley, pamoja na wenzao, walichapisha majaribio yaliyoonyesha jambo ambalo kila admini angepaswa kulijua. Waliwataka watu waandike barua pepe, nyingine za kweli na nyingine za kejeli, kisha wakadirie wasomaji watazitofautisha kwa kiasi gani. Waandishi walitarajia wasomaji wapatie karibu mara 78 kati ya 100. Wasomaji walipatia mara 56, si mbali na kurusha sarafu. Waliosikiliza maneno kwa sauti walipatia zaidi sana. Tatizo ni kwamba mwandishi anasikia sauti yake kichwani anapoandika, na anadhani imeingia ndani ya maandishi. Sasa fikiria Kiswahili chetu cha uswahilini, ambacho upole wake mwingi uko kwenye kuvuta irabu, kwenye "jamani" na "ati" na "hivi mwenzangu", kwenye kicheko kidogo kabla ya kudai deni. Ukimwambia jirani mlangoni "ule mchango vipi, dada?" utajibiwa kwa kicheko. Ukiandika "mchango vp" saa 4 usiku umemshtaki. Hata alama ya kidole gumba ina maana mbili: mzee anaituma akimaanisha nimesikia na nashukuru, kijana anaipokea kama mlango uliofungwa usoni mwake.

Lakini kiini cha jambo ni hadhira. Profesa Saida Yahya-Othman, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 1994 kuhusu adabu ya Waswahili akiipima nadharia ya Penelope Brown na Stephen Levinson, ambayo kwa kiasi kikubwa inamtazama mtu mmoja mmoja na uso wake anaotaka kuulinda. Ninachokichukua mimi katika mjadala ule ni kwamba kwetu kusitiriana ni kazi ya pamoja. Ukimwaibisha mama wa watu umewaaibisha watoto wake, mume wake na waliomlea, na nao watajiona wana wajibu wa kujibu. Ndiyo maana desturi yetu imeweka karipio faraghani na sifa hadharani. Mtu akikosea kwenye shughuli, mkubwa mmoja anamgusa bega, wanatoka nje kidogo, wanarudi yameisha. Waliobaki ndani wanajifanya hawakuona. Kujifanya huko ni sehemu ya adabu.

Kwenye kundi bega haliguswi. Aliyekaripiwa anajua kuwa watu 180 wamesoma, na kila dakika anayokaa kimya inahesabiwa kuwa kukiri. Lazima ajibu, na lazima ajibu kwa nguvu ile ile au zaidi. Barazani angeona nyuso za watu zimekunjamana, angesikia mzee anakohoa, bibi mmoja angesema "basi, yaishe," naye angepata njia ya kushuka bila kuanguka. Hapa wale 180 hawaonekani. Wamekasirika, wamehuzunika, wengine wanatamani wagombanao wanyamaze, ila kimya chao kinaonekana kwenye skrini kama ukumbi mtupu, na wawili wale wanapigana humo wakidhani wako peke yao. Kesho wanakutana dukani na kugundua kuwa mtaa mzima ulikuwepo. Na maneno hayajapeperuka. Yako pale, yamepigwa skrinishoti, yametumwa kwa dada aliyeko Muscat.

Hata fumbo, silaha yetu ya adabu ya miaka mingi, linaharibika humo. Watu wa pwani tunajua kupigana kwa mafumbo: kanga inayovaliwa siku fulani mbele ya mlango fulani, mipasho ya taarabu inayoombwa jirani anapopita. Fumbo la namna hiyo lina anwani. Anayelengwa analijua, wengine wanaliacha lipite, na kwa kuwa hakuna jina lililotajwa, wahusika wote wana nafasi ya kurudi nyuma. Sasa soma ujumbe unaoanza "Kuna watu humu ndani wanajifanya wajuaji." Hauna mlango, hauna anayepita. Watu thelathini wanajihisi wametajwa, kumi wanauliza "unamsema nani?", na mmoja ambaye hata hakuwa akilini mwa mwandishi anajibu kwa kumwaga ya nyumbani kwa mtu. Fumbo lililobuniwa kupunguza makali linayazidisha. Ningekuwa na uwezo wa kufuta aina moja tu ya ujumbe kwenye makundi yote ya Kinondoni na Temeke, ningefuta huo wa "kuna watu humu".

Orodha ya saa 2 usiku

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu, maana hapa ndipo makundi mengi yanapoungua. Ni kundi la kamati ya harusi, au la mchango wa matibabu, au la kifusi. Mweka hazina ana orodha ndefu. Namba 1, jina, ahadi 100,000, alama ya tiki. Namba 2, jina, ahadi 50,000, alama ya tiki. Namba 3, jina, ahadi 50,000, kisha neno "bado". Kila jioni, saa 2 hivi, orodha inarudi tena, na kila anayelipa anaongezewa tiki na pongezi. Siku ya kumi tiki zimejaa na waliobaki na "bado" ni wanane. Macho ya watu hayasomi tena waliolipa. Yanawasoma wale wanane. Chini yake mtu anaandika, "Wengine wapo online kila saa lakini mchango hawaoni." Mmoja wa wanane amepunguzwa kazi mwezi uliopita na hajamwambia hata shemeji yake. Usiku huo anajitoa.

Mweka hazina akiulizwa atasema ni uwazi, na nusu ya jibu lake ni kweli: bila orodha watu watadhani fedha zimeliwa. Lakini uwazi unahusu fedha zilizoingia na zilizotoka. Umaskini wa mtu si hesabu za kamati. Zamani mweka hazina alikuwa na daftari na kadi za mchango, na aliyechelewa alitumiwa mtu nyumbani, kwa kawaida mama mwenye maneno laini, akamkuta faraghani. Aliyeshindwa alisema nimeshindwa, akaja siku ya shughuli na kuni au mikono yake ya kupika, na heshima yake ikabaki.

Nina sababu nyingine ya kulisisitiza hili. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kilio kikubwa cha wananchi kuhusu mikopo ya aina hiyo, hii tunayoiita kausha damu, kilikuwa kimoja: mkopaji akichelewa, ujumbe unatumwa kwa watu waliomo kwenye simu yake, kwa bosi, kwa wakwe, kwa jirani, kuwaambia kuwa fulani ni mdaiwa sugu. Tulikasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Orodha ya saa 2 usiku inafanya jambo lile lile kwa jirani yetu wenyewe, kwa ahadi aliyoitoa kwa hiari, na tunaisindikiza kwa emoji za makofi.

Dawa yake ni rahisi kiasi kwamba nashangaa haijaenea. Waliolipa watajwe, au watajwe kwa namba zao tu kama wanapenda. Jumla iliyoingia, jumla iliyotumika na salio viandikwe kila wiki kwa tarakimu. Neno "bado" lisionekane kamwe. Wasiolipa wapigiwe simu mmoja mmoja, na mtu ambaye si mweka hazina, na wapewe nafasi ya kubadili ahadi bila mtu mwingine kujua. Kamati inayofanya hivi haipotezi fedha. Inapoteza tu ile raha ya kumbana mtu mbele ya watu, raha ambayo haikuwa haki yake.

Heshima inapotumika kama kufuli

Sasa niseme upande wa pili, kwa sababu kuna watu watakaoipokea hoja yangu kwa furaha isiyo njema. Mkazi anaandika, kwa lugha safi kabisa, "Samahani mwenyekiti, hesabu za mchango wa kifusi wa Machi tutazipata lini?" Jibu linakuja: "Tuheshimiane humu. Hili kundi si la uchochezi." Kisha kundi linafungwa, waandikao wakabaki ma-admini peke yao, uwezo ambao WhatsApp iliuleta mwaka 2018. Neno heshima limetumika kumfunga mdomo aliyeuliza kwa heshima.

Hili nalihesabu kuwa ufidhuli mkubwa kuliko tusi. Tusi linamuumiza mmoja; hili linawafundisha watu mia mbili kwamba adabu maana yake ni kutouliza. Vijana wanalisoma, wanahitimisha kuwa mwenye kuuliza kwa upole hasikilizwi, na mara nyingine wanaanza moja kwa moja kwa ukali. Karipio la mtu binafsi lipelekwe pembeni, nimesema hivyo na narudia. Swali kuhusu mali ya umma lina haki ya kuulizwa mbele ya umma na kujibiwa mbele ya umma. Kama mchango ulikusanywa kundini, hesabu zisomwe kundini. Tofauti ya mambo haya mawili ndiyo msingi wa adabu yote ninayoitetea: tabia ya mtu, deni lake, mtoto wake aliyekosea, ndoa yake, vyote ni vya pembeni; fedha za wote, barabara ya wote na uamuzi unaowahusu wote ni vya barazani. Kiongozi anayevigeuza, akawakaripia watu hadharani na kuzificha hesabu pembeni, amepindua desturi nzima juu chini.

Kuna pia wanaodhani tiba ni sheria ya nchi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015 na ilianza kutumika Septemba mwaka huo. Kifungu chake cha 23, kinachohusu kumsumbua mtu kwa njia ya kompyuta, kiliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa mtu anayetishwa kuuawa au anayetumiwa picha za kumdhalilisha, sheria hiyo ina kazi. Kwa ugomvi wa majirani kuhusu maji machafu yaliyomwagwa uchochoroni, ni shoka la kukatia kucha. Ukishampeleka jirani kituoni kwa ujumbe wa WhatsApp, hakuna mjumbe atakayewapatanisha tena, na watoto wenu bado watapita njia ile ile kwenda madrasa au shule.

Wengine wanaamini kuwa salamu nyingi ndiyo adabu. Kila asubuhi maua, vikombe vya chai, mistari ya dini, "mwamkaje wanajumuiya", na majibu arobaini ya "salama". Nia ni njema na sitaki kuidharau. Lakini tangazo la kuwa shimo la maji taka limebomoka karibu na njia ya watoto liko katikati ya maua hayo, na mama anayenunua bando la shilingi 500 ameliacha kwa kuwa simu imejaa. Salamu zetu za kweli hujibiwa na mtu mmoja kwa mtu mmoja na huishia hapo. Salamu moja fupi kabla ya ujumbe inatosha.

Na utani, jamani. Wanyamwezi na Wasukuma ni watani wa Wazaramo, utani unaosimuliwa kuwa ulikua kwenye njia za misafara ya karne ya 19, na mpaka leo mtani anaweza kufika msibani na kuwacheka wafiwa, nao wakapata nafuu. Anaweza kwa kuwa yupo, ana sura, kila mtu anamjua kuwa ni mtani, na amekuja na rambirambi yake mkononi. Mzaha ule ule ukiandikwa chini ya taarifa ya msiba kwenye kundi la watu 180, kutoka namba isiyo na jina, unabaki kuwa ukatili mtupu. Utani ungojee mtu afike matangani. Kuhusu taarifa ya msiba yenyewe nina neno moja: iandikwe na wafiwa au kwa idhini yao. Kuna mtoto wa kike aliyejua kifo cha baba yake akiwa ndani ya daladala, kwa kusoma "poleni sana" kumi na tano kabla ndugu zake hawajampigia. Haraka ya kuwa wa kwanza kutangaza haina thamani ya maumivu hayo.

Picha za watuhumiwa nazo ni hatari isiyosubiri. Kijana anapigwa picha amesimama karibu na geti, picha inarushwa kwenye kundi la ulinzi na maneno "huyu ni mwizi, mkimwona msimwache". Mji huu unajua kinachofuata pale ambapo wananchi wenye hasira wanamwamini aliyetuma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, ni sababu ya kutosha ya kujizuia. Uhai wa mtoto wa watu ni sababu inayotangulia hiyo. Picha iende kwa kamanda wa ulinzi shirikishi au kituo cha polisi, iishie hapo.

Kurudisha pembeni

Pembeni inaweza kujengwa ndani ya simu, na vifaa tayari vipo. Kitu cha kwanza ni ukubwa. Mwaka 2022 pekee ukomo wa wanakundi ulipanda kutoka 256 hadi 512, kisha 1,024, na ma-admini wengi wakaona ni fahari kujaza. Kwa matangazo idadi hiyo haina tatizo. Kwa mazungumzo ni kubwa mno, maana hakuna mtu anayeweza kuwatambua watu elfu moja kwa umri na hali zao. Novemba mwaka huo huo WhatsApp ilianzisha jumuiya, yaani kundi moja la matangazo lenye makundi madogo chini yake. Mtaa unaweza kuwa na la matangazo ambalo viongozi peke yao wanaandika, na chini yake makundi ya vichochoro, watu thelathini au arobaini, waliokwisha kuonana. Humo waongee wapendavyo. Kufunga la matangazo hakuwi kuziba mdomo iwapo la mazungumzo liko wazi na maswali yake hujibiwa.

Mtu akiingia, abishe hodi. Ajitambulishe kwa jina analoitwa mtaani na mahali anapokaa: Mama Fatuma, nyuma ya msikiti; Mzee wa kwenye kona ya mashine ya kusaga. Sentensi hiyo moja inampa kijana nafasi ya kujua anaongea na nani. Na asiingizwe mtu bila kuombwa. Tangu mwaka 2019 kila mtu anaweza kuchagua nani amwingize kwenye kundi. Wafundisheni wazee mpangilio huo, wengi wameburutwa kwenye makundi ya biashara wasizozijua. Anayetaka kuondoka naye aachwe aende. Tangu 2022 mtu akijitoa wanaoarifiwa ni ma-admini tu, kwa hiyo admini asiwatangazie wengine kuwa "fulani kalefti, hana ushirikiano".

La muhimu kuliko yote ni mpatanishi. Katika mfumo wa nyumba kumi uliojengwa tangu enzi ya TANU miaka ya 1960, watu wengi wanakumbuka siasa tu, lakini mjumbe alikuwa na kazi ya pili: kupokea ugomvi kabla haujafika ofisini. Kundi linahitaji mtu wa namna hiyo, aliyetajwa kwa jina, ambaye si mwenyekiti wala mweka hazina. Mimi ningependelea mama mtu mzima asiye na biashara ya mkopo. Kazi yake haihitaji maandishi. Akiona maneno mawili ya ukali yamefuatana, anawapigia simu wote wawili, kila mmoja peke yake, kwa sauti na si kwa ujumbe, kisha kundini anaandika mstari mmoja tu: "Tumezungumza." Admini, ambaye tangu 2022 anaweza kufuta ujumbe wa mwanakundi kwa wote, anaondoa maneno yaliyopita baada ya pande zote kuridhia. Kumtoa mtu kundini kuwe hatua ya mwisho kabisa na kuamuliwe na zaidi ya mmoja, kwa kuwa kumtoa ni kumwaibisha, na waliotolewa ndio wanaofungua kundi la pili la kulisema la kwanza.

Muda nao uwekwe. Baada ya saa 4 usiku ubaki wito wa dharura tu: moto, mwizi, mgonjwa, uchungu wa mama mjamzito anayetafuta bajaji. Ugomvi mwingi niliousoma ulianza baada ya saa hiyo, watu wakiwa wamechoka na kila mmoja kitandani kwake.

Na kuna suala la umiliki. Wenyeviti wa serikali za mitaa waliochaguliwa 27 Novemba 2024 watakaa madarakani miaka mitano, na wengi wao wanaendesha makundi kwa laini zao binafsi. Mwenyekiti akihama kutoka Tandika kwenda Kibaha, au akishindwa uchaguzi akaondoka na kinyongo, kundi linaweza kubaki mikononi mwake pamoja na kumbukumbu za michango. Kundi la mtaa liendeshwe kwa laini ya ofisi ya serikali ya mtaa, likabidhiwe pamoja na muhuri na daftari la wakazi. Masharti yake, pamoja na jina la mpatanishi, yapitishwe na mkutano wa wakazi wenyewe wakiwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanaonana.